Historia ya dunia kidato cha tano: nini kinamsubiri mwanafunzi wa Kusini

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano yakishatangazwa, maswali ya nyumbani huwa yale yale: amepangiwa shule gani, tahasusi gani, na fomu ya kujiunga inadai nini. Aliyepangiwa tahasusi yenye Historia, kama HGL, HKL, HGK au HGE, hupongezwa kwa sauti ya chini kidogo kuliko aliyepangiwa sayansi, kisha huambiwa asiwe na wasiwasi, Historia ni kusoma tu. Shule inafunguliwa Julai. Mtihani wa kwanza unasahihishwa, na mtoto aliyekuwa na A ya Historia kidato cha nne anarudi na D. Mzazi anaanza kuulizia habari za simu na marafiki.

Mara nyingi simu haihusiki. Somo limebadilika huku jina likibaki lile lile. Kidato cha nne mwanafunzi aliulizwa zaidi nini kilitokea. Sasa anaulizwa kwa nini kilitokea wakati ule, mbona hakikutokea miaka hamsini kabla yake, nani alinufaika na nani aliumia. Nafundisha somo hili huku Mtwara, na nawaandikia wanaokwenda kulianza pamoja na wazazi wao, kwa sababu mtoto wa Mtwara na Lindi ana faida kubwa ambayo hakuna aliyemwambia. Sehemu nzito ya historia ya dunia atakayofundishwa imepita mlangoni kwao.

Historia ya kidato cha tano na sita ina karatasi mbili. Ya kwanza inahusu Afrika: jamii zetu kabla ya ukoloni, mahusiano na Ulaya kuanzia karne ya 15, Waafrika waliopelekwa ng'ambo, ukoloni wenyewe, kupigania uhuru na ukoloni mamboleo. Ya pili inahusu dunia, na ndiyo inayowaangusha wengi. Humo kuna kuporomoka kwa umwinyi na kukua kwa ubepari Ulaya, mapinduzi ya kilimo na ya viwanda, Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, kuungana kwa Italia na kwa Ujerumani, ubeberu, vita kuu mbili, mdororo wa uchumi ulioanza 1929, ufashisti, kuinuka kwa Marekani, ujamaa wa Urusi na wa China, Vita Baridi, na hali ya nchi changa baada ya uhuru. Mitaala hubadilishwa na majina ya mada huhama huku na kule, ila mgongo ni huo. Mtaala mpya umeleta pia Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hilo ni somo jingine, lisichanganywe na hili.

Anayezisoma hizo kama mada kumi zilizotengana atachoka kabla ya Krismasi. Zote zinazunguka swali moja: ilikuwaje mfumo uliozaliwa katika mashamba ya Uingereza na bandari za Ulaya ukaienea dunia, nani aliugharimia, na nani aliukataa?

Ubepari ulianzia shambani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wanafunzi wengi wakisikia ubepari hufikiria matajiri, lakini matajiri walikuwepo tangu zamani, Roma, Uchina na Kilwa. Jipya lililotokea Uingereza kati ya karne ya 16 na ya 18 ni uhusiano wa mtu na ardhi. Chini ya umwinyi mkulima hakuwa huru, alimfanyia bwana wake kazi au alimpa sehemu ya mavuno, lakini alikuwa na kipande cha kulima na haki ya kuchunga mifugo kwenye malisho ya pamoja ya kijiji. Wenye ardhi walipoona sufi ina soko, walianza kuyazungushia malisho hayo ua na kuyafanya yao peke yao. Waliofukuzwa wakabaki na mikono tu ya kuuza. Wakaenda mjini, na mjini ndiko viwanda vilikowakuta.

Tofauti iliyopo Newala au Tandahimba kati ya mwenye mikorosho yake na kibarua anayekuja kupalilia kwa ujira ndiyo tofauti yenyewe. Fikiria kijiji kizima kikigeuzwa kutoka kundi la kwanza kuwa kundi la pili ndani ya vizazi vichache, na mada umeishika. Kinachobaki ni kueleza mtaji ulitoka wapi, na hapo inabidi kutoka shambani kwenda baharini.

Wareno, na mimea iliyotoka mbali

Tazama kinacholiwa na kuuzwa Kusini: korosho, muhogo, karanga, mahindi. Vyote vinne asili yake ni bara la Amerika. Mkorosho ni wa Brazili, na Wareno ndio waliouleta upande huu wa Bahari ya Hindi katika karne ya 16. Mwalimu akianza mada ya safari za Wazungu za karne ya 15, mwanafunzi asiandike tu jina la Christopher Columbus na mwaka 1492 kisha akafunga daftari. Ajiulize mababu zake walikuwa wanakula nini kabla ya hapo, maana mtama na uwele vilikuwepo na muhogo haukuwepo. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko vita vingi vinavyopewa ukurasa mzima.

Kilwa Kisiwani, iliyomo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981 pamoja na Songo Mnara, ndiyo mahali pa kuonyesha jinsi dunia ilivyokuwa kabla ya Wareno. Ibn Battuta alifika 1331 akakuta mji tajiri unaotawaliwa na sultani. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, na vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina vilivyopatikana kwenye magofu vinaonyesha biashara ilifika wapi. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika kwamba Wazungu ndio waliotuunganisha na dunia, atakuwa amekosea kwa miaka mia kadhaa.

Vasco da Gama alifika Kilwa 1502 akailazimisha kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la merikebu, akauvamia mji na kuupora. Sababu? Ureno ilitaka viungo vya India, India ilitaka kulipwa dhahabu, na dhahabu ilikuwa inapita Kilwa. Wafalme wa Ulaya wa nyakati hizo waliamini kwamba utajiri wa nchi ni akiba yake ya dhahabu na fedha, na kwamba taifa moja haliwezi kupata bila jingine kukosa. Hiyo ndiyo mada ya biashara ya kujilimbikizia mali ambayo mwalimu ataifundisha kwa mifano ya Uhispania na Uholanzi. Mfano wa Kilwa unafaa kwenye insha hiyo hiyo, na msahihishaji ataona mwandishi ameelewa.

Mapinduzi ya Ufaransa yakitazamwa kutoka Kilwa

Mada hii hufundishwa kama habari ya Paris peke yake: njaa, kodi, mfalme, gereza la Bastille kuvamiwa Julai 1789, kisha tamko kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Vitabu vinamalizia kwa kuorodhesha mafanikio, na uhuru na usawa huwa vya kwanza.

Sasa weka hili kando yake. Septemba 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice aliingia mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wanapelekwa kwenye mashamba ya makoloni ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, hasa Île de France, kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Miaka kumi na mitatu baadaye ndipo Paris ilipotangaza usawa. Mwaka 1794 bunge la mapinduzi likafuta utumwa katika makoloni. Wajumbe waliotumwa Île de France kutekeleza amri hiyo walifika 1796, na wenye mashamba wakawafukuza. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria. Upande wa pili wa dunia, watumwa wa Haiti waliokuwa wameasi tangu 1791 hawakusubiri hisani ya mtu. Walipigana, na 1804 wakatangaza nchi huru.

Je, Mapinduzi ya Ufaransa yalifanikiwa? Swali kama hilo unaweza kulikuta kwenye mtihani, na jibu linategemea umesimama wapi. Kwa mkulima wa Ufaransa aliyeondolewa mzigo wa mwinyi, yalifanikiwa. Kwa mtu aliyefungwa kamba Kilwa akaishia kukata miwa Île de France, ahadi ilifika, ikakataliwa, kisha ikafutwa. Mwanafunzi anayeweza kuandika pande hizo mbili bila kuificha hata moja ameanza kufanya kazi ya mwanahistoria.

Kuna jambo gumu hapa ambalo halikwepeki. Aliyetia saini upande wa pili wa mkataba ule alikuwa mtawala wa pwani yetu. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje ilihusisha wafanyabiashara wa Kiarabu, Waswahili na Wayao, na wengi wa waliouzwa waliishia kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, hadi mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini. Kusini hii si habari ya watu wasiojulikana. Zipo familia zinazojua zilitoka upande gani, na zipo zinazopenda isisemwe. Mwalimu mzuri hataigeuza mada hii kuwa kesi ya kabila dhidi ya kabila. Ataeleza faida ilikuwa ya nani, nani alikuwa na bunduki, na soko lilikuwa wapi. Mwanafunzi akirudi nyumbani akiwa na maswali, asikemewe.

Viwanda, pamba na Maji Maji

Swali la kawaida: mapinduzi ya viwanda yalichangiaje ukoloni Afrika? Jibu linaloandikwa na wengi: viwanda vilihitaji malighafi, masoko na mahali pa kuwekeza mitaji. Ni kweli, na kwa insha ya kidato cha tano halitoshi.

Lijaribu jibu hilo kwa miaka. Mashine ya kusokota nyuzi ya Hargreaves ilikuwepo miaka ya 1760, na James Watt alipata hataza ya injini yake ya mvuke 1769. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884. Kama viwanda peke yake vilitosha kuleta ukoloni, mbona Uingereza ilikaa zaidi ya karne nzima bila kuigawana Afrika? Kwa sababu kwa muda mrefu ilikuwa peke yake, inauza inakotaka na kununua inakotaka, bila gharama ya kutawala. Kilichobadilika ni ushindani. Ujerumani iliungana 1871, viwanda vyake na vya Marekani vikakua kwa kasi, na tangu 1873 uchumi wa Ulaya ukaingia kipindi kirefu cha bei kushuka. Kila mmoja akaogopa kufungiwa mlango na mwenzake. Sababu zinazowekwa kwenye mstari wa muda huonekana zipi zina nguvu na zipi ni za kujazia, na tabia hiyo moja inamtenganisha mwanafunzi wa A na wa D kuliko wingi wa kurasa alizokariri.

Pamba ni mfano wetu. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na Wajerumani walitaka pamba yao wenyewe. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, watu wakalazimishwa kulima chini ya majumbe na maakida, kwa malipo madogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakiachwa. Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, watu waling'oa pamba. Kung'oa kule kulikuwa kutangaza vita, vile vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake ya dawa yalikuwa yamewaunganisha watu wasiozoea kupigana pamoja, alinyongwa mapema Agosti 1905, lakini vita vilikwisha kusambaa. Liwale, Masasi, Songea na Mahenge vikaingia. Wajerumani walivimaliza kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Nitaje mambo mawili kuhusu mada hii, kwa sababu yanafundisha kazi ya somo zima. La kwanza ni sababu. Pamba inaeleza Umatumbi vizuri sana. Haielezi Ungoni, ambako mpango ule wa pamba haukuwa umefika na bado watu walipigana. Huko inabidi kuzungumzia watawala waliopoteza mamlaka na jeshi lililokumbuka nguvu zake. Tukio moja linaweza kuwa na sababu tofauti kwa watu tofauti waliomo ndani yake. La pili ni idadi. Takwimu za Wajerumani zilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti hiyo haitokani na hesabu mbovu tu. Afisa anayeripoti Berlin ana sababu ya kuandika kidogo, na njaa ya baada ya vita huhesabiwa au huachwa kutegemea nani anaandika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwa bado wanakumbuka, na simulizi hizo zikabadilisha namna vita hivyo vinavyoelezwa. Mwanafunzi wa kidato cha tano anatakiwa aweze kusema chanzo kipi kinasema nini, na kwa nini kisiaminiwe chote au kisitupwe chote.

Vita kuu, kwa kifupi

Sarajevo, Juni 1914, miungano ya mataifa, mashindano ya silaha: hayo yamo kwenye kila kitabu na sitayarudia. Nitaongeza Mahiwa tu. Oktoba 1917, karibu na Nyangao mkoani Lindi, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipambana na jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wengi wa Nigeria. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya majeruhi na waliokufa ndani ya siku chache. Fikiria Mnigeria na Mwafrika wa Tanganyika wakiuana Lindi kwa ugomvi wa London na Berlin, na nyuma yao wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na kuchoka, ambao majina yao hayapo popote. Hapo swali la kwa nini vita vile viliitwa vya dunia linajibika. Mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mpaka huo wa Ruvuma uliwekwa 1886 kwa makubaliano ya Ujerumani na Ureno, na Wamakonde walioachwa pande zote mbili hawakuulizwa.

Bei inayopangwa mbali

Mdororo wa 1929 huwachosha wanafunzi kwa sababu unaanza na hisa za New York, kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona. Huku kwetu kuna njia fupi. Msimu wa korosho wa 2018 wakulima walikataa bei ya chini iliyotajwa mnadani, Serikali ikaingilia kati, jeshi likapelekwa kusomba korosho, na bei ya shilingi 3,300 kwa kilo ikatangazwa. Kila aliyekuwa na mkorosho alijifunza mwaka ule kwamba jasho lake linategemea watu asiowajua, walioko nchi ambazo hajawahi kufika.

Mwaka 1929 na miaka iliyofuata jambo la namna hiyo lilitokea kwa karibu kila zao, kila mahali, kwa pamoja. Wamarekani walipoacha kununua na benki zao zilipodai mikopo yao irejeshwe, bei za mkonge, pamba na kahawa zikaanguka. Tanganyika watu walibaki na kodi ile ile ya kulipa kwa mazao yaliyopoteza thamani, na jibu la serikali ya kikoloni likawa kuwahimiza walime zaidi. Ujerumani ilifikisha wasio na kazi karibu milioni sita, na Januari 1933 Hitler akawa Kansela. Mkulima wa hapa na mfanyakazi wa Hamburg walipigwa na wimbi moja, na anayeliona hilo haoni tena ufashisti kama wazimu uliodondoka kutoka mbinguni.

Karanga zilizojenga bandari

Wakazi wa Mtwara wanaijua bandari na mitaa mipana ya mji wao, ila wengi hawajaelezwa ilitokana na nini. Ilitokana na madeni ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilishinda 1945 ikiwa imefilisika na inadaiwa na Marekani. Mafuta ya kula na siagi yalikuwa bado yanagawiwa kwa kadi, na kuyanunua nje kulihitaji dola ambazo haikuwa nazo. Serikali ya chama cha Labour ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango kisichowahi kuonekana, na kazi ikaanza 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilihitaji njia ya kufika baharini, ndiyo maana ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli.

Mradi ulikufa. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu, mvua hazikuaminika, matrekta yaliyokusanywa kutoka mabaki ya vita yaliharibika, na waliopanga hawakuuliza wakulima wanaoijua nchi. Ilipofika 1951 ulikuwa umeachwa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa baada ya uhuru. Bandari ikabaki.

Kwa mwanafunzi, mradi huu ni hazina. Unaeleza matokeo ya Vita Kuu ya Pili, kuinuka kwa Marekani, na namna makoloni yalivyotumiwa kuponya uchumi wa Ulaya. Mada tatu, mfano mmoja, na anaweza kwenda kuigusa nguzo ya gati kwa mkono wake.

Kutoka Nachingwea hadi Lisbon

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani historia ya dunia ni yale tuliyotendewa. Muhtasari wenyewe una upungufu huo. Umeathiriwa sana na wasomi waliofundisha Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, akiwemo Walter Rodney, waliotufumbua macho kuhusu unyonyaji, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini ukifundishwa vibaya, Mwafrika anatokea kwenye kila sura akiwa anaumizwa tu.

Nachingwea inalijibu hilo. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964 upande wa pili wa Ruvuma. Kambi yake kuu ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, katika wilaya ile ile iliyolimwa karanga za Waingereza, chini ya Samora Machel, na wakufunzi wa Kichina walifika huko. Silaha zilitoka nchi za kijamaa. Ureno, kwa upande wake, ilikuwa mwanachama wa NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na washirika wake. Vita Baridi ambavyo kitabu kinavieleza kwa ukuta wa Berlin na makombora ya Cuba vilikuwa na tawi lake mkoani Lindi.

Vita vya makoloni viliichosha Ureno. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi lake wenyewe waliipindua serikali ya kidikteta mjini Lisbon, na moja ya sababu zao kubwa ilikuwa vita visivyo na mwisho Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Msumbiji ikawa huru 25 Juni 1975. Mwanafunzi akiulizwa kama Afrika imewahi kubadilisha historia ya Ulaya, anao mfano wa Wareno kupata demokrasia kwa sababu, pamoja na mambo mengine, vijana waliofunzwa Nachingwea walikataa kushindwa.

Darasani kutakuwaje

Karibu mtihani mzima ni insha, na karatasi moja ni ya saa tatu. Mwanafunzi atakutana na maagizo ya kujadili, kutathmini, kulinganisha, na kila agizo linadai kitu chake. Anayeambiwa atathmini kisha akaorodhesha hoja sita amejibu swali ambalo hakuulizwa. Hoja nzuri ina madai, ushahidi wenye mahali na mwaka, na maelezo ya jinsi ushahidi ule unavyothibitisha madai. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika.

Masomo ni kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa shule zetu hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko historia yenyewe. Ushauri wangu ni kujadiliana kwanza kwa Kiswahili kwenye kikundi, mpaka hoja isimame, ndipo kila mtu aandike kwa Kiingereza chepesi. Sentensi fupi iliyo sahihi inapata alama. Wale wanaonakili sentensi ndefu za kwenye notisi za kununua huzipachika hata pasipohusika, na msahihishaji hujua.

Prepu za usiku zitumike kuandika zaidi ya kusoma. Insha moja kwa wiki, iliyosahihishwa na mwenzako kabla ya mwalimu, inajenga kuliko kupiga msuli usiku kucha mwezi wa mwisho. Na kwa kila mada mpya, mwanafunzi atenge ukurasa wa mahali anapopajua panapohusika nayo: boma la Wajerumani la Mikindani lililojengwa 1895, Mwembe Kinyonga wa Kilwa Kivinje ambako Wajerumani walinyonga watu, mashamba ya mkonge ya Lindi, kilima cha Tendaguru ambako kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa na kubebwa na wapagazi hadi Lindi, kisha ikasafirishwa Berlin iliko mpaka leo.

Wazazi huuliza wasaidieje ilhali wao wenyewe hawakuisoma. Mkishakula, mwambie akueleze alichojifunza wiki hiyo. Akitaja tukio, muulize kwa nini lilitokea mwaka ule. Akijibu, muulize amejuaje. Huhitaji kujua jibu. Shule ikipanga safari ya Kilwa na uwezo upo, mchango huo utolewe mapema. Ukikosekana, basi yupo bibi au babu aliyefanya kazi ya manamba, au aliyekuwa Nachingwea wakati wa wapigania uhuru, na kumfikia hakuna nauli. Apelekewe daftari wakati bado ana nguvu za kusimulia.